Mzigo Unaopumua

Mwaka 1836, farasi wa mashindano aitwaye Elis alipelekwa Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, akiwa ndani ya kibanda cha magurudumu kilichovutwa na farasi wengine. Enzi hizo farasi wa mashindano alikwenda uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Kutoka Goodwood, kusini, alikokuwa akifunzwa Elis, hiyo ilikuwa safari ya wiki mbili hivi. Wacheza kamari waliposikia kwamba siku chache kabla ya mbio bado yuko kusini, waliamini hawezi kufika, wakaweka fedha zao kwa farasi wengine. Elis akafika kwa siku chache tu, hana uchovu, akashinda mbio za St Leger. Lord George Bentinck, aliyekuwa nyuma ya mpango huo, akavuna fedha nyingi.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya kamari. Mimi nakipenda kwa sababu ya kile kibanda. Kuta zake zilitiwa mito ili mnyama asiumie akiyumba, na njiani walisimama ili ashuke, anyooshe viungo. Yaani tangu siku za mwanzo za kumbeba farasi barabarani, kulikuwa na mtu aliyeelewa jambo ambalo madereva wengi hawajalielewa hadi leo: mnyama aliyesimama ndani ya chombo kinachokwenda hajapumzika. Anafanya kazi ya kusimama. Kila kona, kila breki na kila tuta ni kazi kwake, na akichoka huanguka.

Mimi ni mtoto wa Mwisenge, Musoma. Huku kwetu tela la farasi ni kitu cha kwenye filamu. Tunao ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Lakini malori yaliyojaa ng'ombe hutoka kwenye minada ya Mara yakashika lami kwenda Mwanza, na mengine Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Maswali anayojiuliza mtu anayevuta tela la farasi kwenye msongamano wa magari wa London ndiyo anayopaswa kujiuliza dereva wa fuso anapoingia Bunda saa za jioni. Kwa nini basi kule maswali hayo yana vitabu na mitihani, na huku yamebaki vichwani mwa wazee wachache? Jibu ni la kihistoria, na linaanza na mdudu.

Kwa nini hatuna farasi? Mbung'o. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce aliwachunguza wanyama waliokuwa wakifa kwa nagana, akakuta vijidudu katika damu yao, kisha akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevisambaza. Ng'ombe wetu wa asili huugua nagana pia, ila wapo wanaostahimili. Farasi hana ubavu huo. Anakonda, miguu inavimba, anakufa. Akiokoka mbung'o, kuna usubi wanaoeneza ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kumwua kwa siku chache. Nchi inayopakana na mapori ya Serengeti, kama ilivyo yetu, haikuwa nchi ya farasi. Waarabu wa pwani walikuwa nao, na masultani wa Zanzibar waliwapanda, lakini misafara iliyoingia bara ilibebwa na watu.

Wajerumani hawakukubali kirahisi. Walipoitawala nchi hii walijaribu, upande wa Kilimanjaro, kufuga pundamilia na kuwazalisha na farasi, wakitumaini kupata mnyama wa kazi mwenye nguvu za farasi na kinga ya pundamilia. Jaribio halikuzaa matunda. Ukisafiri leo kati ya Bunda na Lamadi, barabara inapopita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti karibu na lango la Ndabaka, unaweza kuwaona pundamilia kupitia dirisha la basi. Hawakuwahi kuwa wanyama wa kazi kama farasi.

Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts aliingia kutoka Kenya na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, akidhani ataizunguka haraka nchi ambayo ramani yake ilikuwa na maeneo makubwa ya mbung'o. Jenerali Van Deventer alikimbilia Kondoa Irangi mwezi Aprili, na alipofika sehemu kubwa ya farasi wake walikuwa wamekufa au hawajiwezi. Mwaka ule wanyama wa jeshi, farasi, nyumbu wa kufugwa, maksai na punda, walikufa kwa maelfu kwa maelfu.

Mzigo haukupungua kwa sababu wanyama wamekufa. Ulihamishiwa mabegani mwa watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho jina lake tumelimeza likawa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Nataka msomaji akumbuke jambo hili tunapoendelea. Katika historia ya uchukuzi wa nchi hii, chombo kikishindwa kubeba hatari, binadamu wa chini kabisa hubebeshwa.

Wakati hayo yakitokea, ng'ombe wa Mara walikuwa wanaendelea kwenda. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imewafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, zizi baada ya zizi, lakini mifugo ilikuwa imeanza kurejea, na pamoja nayo kazi ya kuswaga. Kuswaga ni kazi yenye elimu yake. Mswagaji alijua ng'ombe mzito atembee umbali gani kabla ya jua kuwa kali, maji yako wapi, nani atangulie na nani abaki nyuma na wale wanaochechemea. Alijua kwamba kundi likishtuliwa hukimbilia upande mmoja, na kwamba ukitaka ligeuke unageuza wale wa mbele taratibu, wa nyuma wanafuata. Fimbo ilikuwa ya kuonyesha njia kuliko ya kupigia. Mnyama aliyepigwa hupungua uzito, na bei ya mnadani hufuata uzito.

Barabara ilikuwa ya wote. Mwaka 1934, kijana Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito aliyekuwa amezoea kuchunga, alitoka Butiama akaja kuanza shule hapa Mwisenge akiwa na umri wa miaka 12. Ni kama kilomita 40, njia ambayo watu wengi wa wakati huo waliikata kwa miguu. Watoto wa shule, akina mama wenye mizigo na makundi ya ng'ombe walikuwa na mwendo unaokaribiana. Aliyekutana na ng'ombe alisimama kando wakapita, na hakuna aliyepoteza zaidi ya dakika chache.

Reli ingeweza kubadilisha mambo mapema. Ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, lakini Musoma haikufika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliungana na kampuni ya Liebig kuendesha kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers pale Kawe, Dar es Salaam, na ng'ombe wa bara wakawa wanakwenda pwani kwa miguu na kwa behewa. Leo kiwanda hakipo, limebaki jina la viwanja. Mkoa wetu, usio na reli, ulibaki na miguu hadi malori na lami vilipokuja. Na vilipokuja, miguu iliachwa kwa muda mfupi sana. Safari ya siku nyingi ikawa ya usiku mmoja.

Mjomba wangu aliishi pande zote mbili za mabadiliko hayo. Ujanani aliswaga ng'ombe kutoka vijiji vya Butiama kuja machinjioni Musoma mjini. Baadaye akawa utingo, kisha dereva, akaendesha malori ya mifugo hadi macho yalipoanza kumsumbua. Nilipokuwa sekondari nilisafiri naye mara kadhaa wakati wa likizo, nikiwa nimebanwa katikati, karibu na gia. Alikuwa akimfundisha kijana mmoja wa Kikurya kazi ya udereva, na masomo yote nimeyasikia zaidi ya mara moja.

"Mura," alimwambia, "ng'ombe hafungi mkanda. Mkanda wake ni mguu wako."

Maana yake ilikuwa ya kimwili kabisa. Ng'ombe wetu wa asili ana kama kilo 250. Ishirini ni tani tano. Tani tano za saruji zikishapangwa zinalala chini, haziondoki. Tani tano za ng'ombe zimesimama juu ya miguu 80, uzito wake uko juu, na unahama. Ukikata kona kwa kasi, wote wanaegemea upande wa nje kwa wakati mmoja, na uzito ule unaweza kulisukuma lori lililokuwa limeanza kuinama. Ukishika breki ghafla, wanasukumwa mbele. Mmoja akianguka, wenzake hawana pa kuweka miguu isipokuwa juu yake.

Kwa hiyo mjomba alipunguza mwendo kabla ya kona, hata siku moja si ndani ya kona. Alishuka mteremko kwa gia ileile ambayo angepandia, ili injini ishikilie gari na breki zisipate moto. Alikuwa akitazama mbali: bodaboda aliyeko mita 200 mbele, mbuzi kando ya barabara, daladala lililowasha taa za kusimama. Alisema mswagaji anayetazama kwato za ng'ombe wa kwanza ameshachelewa. Baada ya kupakia aliendesha kilomita chache, akasimama, akapanda kuchungulia kama wote wamepata mkao wao. Sakafu ilimwagwa mchanga na kutandikwa nyasi ili kwato zisiteleze. Na mbele yake aliacha nafasi ambayo madereva wengine waliiona ni uzembe.

Nilipokuja kusoma mafunzo wanayopewa wavuta tela za farasi Uingereza na Marekani, nilimkuta mjomba humo. Acha nafasi mara mbili au zaidi ya ile unayoacha ukiwa na gari tupu. Ongeza na punguza mwendo kama vile kuna glasi ya maji imesimama sakafuni. Ukibeba farasi mmoja katika tela la nafasi mbili, mweke upande ulio karibu na katikati ya barabara, kwa sababu barabara nyingi huinama kuelekea kingo zake. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Hapo toa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani wima, usikanyage breki kwa hofu. Kagua kiungo cha tela, minyororo ya usalama, taa na upepo wa tairi kila unaposimama. Uingereza gari dogo linalovuta tela lina kikomo chake, maili 50 kwa saa kwenye barabara ya kawaida ya njia mbili na maili 60 kwenye barabara kuu, yaani kilomita 80 na 96 hivi. Mtu aliyejifunza kwa fimbo Butiama na mtu aliyejifunza kwa mwalimu Yorkshire wamekutana mahali pamoja, kwa sababu wote wawili walimsikiliza mnyama.

Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika, na waliandika baada ya aibu. Marekani ya karne ya 19 ilisafirisha ng'ombe kwa reli kutoka tambarare za magharibi hadi machinjio ya Chicago na miji ya mashariki, na wanyama wengi walifika wamekufa au wamevunjika, hawakupewa maji wala nafasi ya kulala. Mwaka 1873 bunge lao likapitisha sheria kwamba mnyama asikae safarini zaidi ya saa 28 bila kushushwa, kulishwa, kunyweshwa na kupumzishwa. Hata hivyo sheria ile ilitaja reli na meli, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa serikali kukubali kwamba lori nalo limo. Teknolojia mpya ilipata mwanya wa karne nzima.

Sisi nasi tunazo sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika makazi, na kilomita 80 kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa. Mifugo haisafiri bila kibali. Ila madaraja ya leseni huangalia aina na uzito wa chombo. Hayaulizi kama mzigo unapumua. Dereva aliyebeba saruji mwezi mzima anaweza kukabidhiwa ng'ombe leo jioni, na kitu pekee kilichobadilika kwenye karatasi zake ni kibali cha mifugo.

Barabara yenyewe imebadilika pia. Kutoka Mwisenge unapita mjini, unatoka hadi Makutano, kisha kushoto ni Kirumi, Tarime na Sirari, kulia ni Bunda na Mwanza. Njia ambayo watoto wa shule na ng'ombe waliigawana sasa ina mabasi ya abiria yanayowania muda, malori ya kwenda Kenya, bodaboda na baiskeli zenye magunia ya mkaa. Mwezi Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana Sabasaba, wilayani Butiama, watu zaidi ya 30 wakafa. Kila mtu wa Musoma wa umri wangu anamjua mtu aliyekuwa na mtu humo. Hapakuwa na ng'ombe katika ajali ile. Naitaja kwa sababu ndiyo barabara ambayo tumeingiza humo mzigo usioweza kuvumilia breki ya ghafla.

Na hapa narudi kwa wapagazi wa 1916. Ukiangalia vizuri lori la ng'ombe linapopita, utaona kichwa cha binadamu juu ya bodi, katikati ya pembe. Huyo ni kijana wa kuwasimamisha wanaolala. Ng'ombe akianguka, yeye hushuka kati ya miili ile, humvuta mkia, humpigia kelele, humwinua kabla hajakanyagwa. Kazi hiyo ipo kwa sababu mwendo ni wa kasi, nafasi ni finyu na mapumziko hayapo. Kijana ndiye anayeziba pengo kati ya jinsi ng'ombe wanavyopaswa kusafirishwa na jinsi wanavyosafirishwa.

Mtaani kwetu alikuwepo mmoja, tulisoma naye darasa moja shule ya msingi. Alipanda lori la tajiri mmoja wa mifugo kwenda Mwanza. Gari lililokuwa nyuma liliwapita, likaingia katika nafasi iliyokuwa mbele ya lori, kisha likasimama kushusha abiria. Dereva wa lori hakuwa na la kufanya ila kukanyaga breki. Malori na magari hayakugusana. Polisi hawakuitwa, na ajali hiyo haimo katika takwimu yoyote. Ndani ya bodi ng'ombe watatu walimwangukia kijana wetu. Mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Anauza vocha na maji ya kunywa stendi, na ukimwuliza atakuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku ile walilipwa ng'ombe wote, maana hakufa hata mmoja.

Sidai turudi kuswaga. Ng'ombe aliyetembea kutoka Mara hadi Dar es Salaam alifika mifupa, na waswagaji nao walikufa njiani kwa simba na malaria. Nadai kitu kidogo zaidi: ule ujuzi wa mwendo uandikwe. Anayefundisha udereva wa magari makubwa afundishe saa mbili tu za mzigo hai, na awaite wazee walioswaga waje wazungumze wakiwa bado wapo. Bodi za malori ziwekewe vizuizi vya kugawa kundi, wanyama watatu wanne kila chumba, ili mmoja akianguka asiwachukue wenzake. Ratiba iwe na saa za kusimama na mahali penye maji. Yakifanyika hayo, kijana wa juu ya bodi atakaa mbele, ndani, na mkanda kifuani.

Na kwako wewe unayesoma hapa, ambaye huenda hutaendesha lori maishani mwako lakini utanunua gari dogo karibuni: siku moja, pengine pale Makutano, utakuwa nyuma ya lori la ng'ombe, una haraka, na utaona dereva wake ameacha nafasi kubwa mbele. Usipige honi pembeni yake. Usimwashie taa kali. Ukimpita, endelea mbele kabisa kabla hujarudi upande wako, wala usijipenyeze pale. Nafasi hiyo ina wenyewe: ng'ombe ishirini na kijana mmoja.